Muscat hadi Sur kwa siku moja

Barabara ya pwani kutoka Muscat, mji mkuu wa Oman, hadi mji wa bandari wa Sur ni kama kilomita 200 za lami safi, milima ya Hajar mkono wa kulia, bahari kushoto. Mgeni anayejiendesha husimama kwanza kwenye shimo la maji la Bimmah kwa kuwa linatangulia njiani. Mwongozaji mwenyeji hulipita. Akiondoka Muscat saa kumi na mbili alfajiri, saa mbili na nusu wageni wake wameshafika Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), kabla jua halijapanda na kabla ya umati, hasa Ijumaa na Jumamosi.

Unavushwa kwa boti ndogo chini ya daraja la barabara kuu, riali 1 ya Oman kwenda na kurudi. Beba noti ndogo, na muulize nahodha boti ya mwisho inaondoka saa ngapi. Ng'ambo ni mwendo wa dakika 45 hivi juu ya changarawe na mawe yanayoteleza. Ndala zitakutupa; vaa viatu vya mpira vyenye meno, visivyoogopa maji, maana mbele njia yenyewe ni maji: madimbwi ya kijani, mengine ya magotini, mengine hufikii chini. La mwisho linaishia kwenye ufa wa mwamba unaotosha kichwa tu. Unainua kidevu, masikio yamo majini, unajivuta kwa vidole ukutani, kisha unatokea pangoni penye maporomoko. Asiyejua kuogelea abaki dimbwi la kwanza.

Mwongozaji mzuri utamjua hapa, kwa anavyotazama milimani. Ufukweni jua linawaka, kumbe huko juu mvua inanyesha, na maji hushuka wadi kwa mkupuo. Akisema leo hakuingiliki, msibishane naye.

Mchana ni Sur. Wenyeji wanaozungumza Kiswahili si wachache Oman, kwa hiyo usishangae kukaribishwa chai kwa lugha yako. Majahazi ya mji huu yalishuka na kaskazi hadi Unguja, yakarudi na kusi. Jahazi Fatah Al Khair, lililoundwa hapa mwaka 1951, sasa liko nchi kavu. Lizunguke taratibu, tezi na omo. Karakanani, mtindo wa zamani ni mbao za ubavu kutangulia, mataruma, yaani mifupa ya ndani ya jahazi, yakafuata kwa kufuata umbo lake. Mimi ningekaa hapa saa nzima.

Bimmah inatosha nusu saa wakati wa kurudi. Watakuambia nyota ilianguka. Ni chokaa iliyoliwa na maji hadi paa likaporomoka. Shuka kwa ngazi, usipige mbizi, na waache samaki wadogo wakudonoe miguu. Fulana na kaptula ya magotini ndiyo heshima.

Kasa wa Ras al Jinz, ufukwe ulio mbele ya Sur, usiwachomeke katika ratiba hii. Hupanda kutaga usiku, na Muscat iko mbali. Anayewataka alale Sur.