Siku yangu na kishikwambi, Ujiji hadi Katonga

Saa 12 asubuhi. Chai, muhogo wa kuchemsha, kishikwambi kimejaa chaji. Mimi ni mdadisi wa utafiti wa kaya hapa Kigoma. Kaya huchaguliwa kwa sampuli, nami hupewa orodha tu. Siruhusiwi kumruka mkaidi nikamhoji jirani yake mkarimu.

Saa 2. Mwenyekiti wa mtaa ananitambulisha nyumba ya kwanza, kisha anavuta kiti. Anapenda kusikiliza huyu mzee! Sasa mama wa watu, aliyelia hana hata mia siku ya mchango, atataja vipi genge lake la pili la biashara kule Kibirizi? "Mzee, naomba unisubiri pale mwembeni," namwambia. Ananuna, anakwenda.

Saa 3 na nusu. Bibi muuza mawese.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja na hicho kidude tena?"

Namsomea utangulizi: Sheria ya Takwimu ya 2015 inakataza kutoa taarifa za mtu mmoja mmoja, nami nimekula kiapo cha siri. Anasikiliza, halafu ananibana. Kama mnataka hesabu, majina ya nini? Namjibu kwamba majina yanatusaidia kujua nani ni nani ndani ya dodoso, na msimamizi aweze kurudi kuhakiki. Takwimu zikitolewa, majina hayamo. Na hiyo ramani inayoonyesha nyumba yangu? Hapo nameza mate kidogo, maana alama ya GPS mlangoni kwa mtu ni jina kwa namna nyingine.

Tukafika kwenye "ulizaliwa wapi?" Kwingine swali hili ni la sekunde mbili. Kigoma, ambako nusu ya ukoo inaweza kuwa ng'ambo ya ziwa, Kongo au Burundi, watu husikia swali la uraia.

"Inakwenda Uhamiaji?"

"Hapana bibi."

"NIDA, wa vitambulisho?"

"Hapana."

"Wote si serikali moja?"

Sina jibu la haraka hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, lakini bibi hajawahi kuiona ikimsaidia mtu. Akasema, "Andika Ujiji." Nikaandika Ujiji.

Saa 7. Ugali wa muhogo na dagaa. Mwenzangu anasema wanaokataa watishwe, kwani kukataa kujibu ni kosa kisheria. Nampa mfano wa Ujerumani: Desemba 1983 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu ya sheria ya sensa kwa sababu ya faragha, na sensa ikaja kufanyika 1987. Naye hakukosa la kujibu: Kanada 2011 walifanya dodoso refu la sensa kuwa la hiari, walioitikia wakashuka hadi karibu asilimia 69, na 2016 wakarudisha ulazima. Amenipata. Bila ulazima tungepoteza hasa wale tunaowatafuta. Ila ulazima unanifungulia mlango tu. Ya ndani mtu hunipimia mwenyewe.

Saa 9. Katonga. Ni siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haiendi kuvua, kwa hiyo wanaume wako nyumbani. Kijana mmoja ananitajia kipato cha wiki, mkewe anaguna kutoka jikoni. Nikaomba tuhamie uani, sisi wawili. Namba ikabadilika, ikapanda mara tatu. Uwani hapakuwa na sheria mpya, ila hapakuwa na mke.

Saa 12 jioni. Mtandao unasuasua, madodoso yanatumwa moja moja. Msimamizi anapiga simu: kaya za leo ni chache, "wakumbushe kuwa ni lazima." Sawa bosi. Hafahamu muda unaoliwa na kumhamisha mtu kutoka barazani, na kwenye fomu yake hakuna pa kuujaza.

Kesho niko Gungu. Mama mmoja wa huko kashanitumia ujumbe: nije, lakini bila mwenyekiti.