Neno la Baba kuhusu Discovery

Neno alilolitamka Baba uani Jumamosi iliyopita kuhusu gari langu, Land Rover Discovery, limekataa kunitoka, na leo ni Alhamisi usiku. Wiki yenyewe imekuwa na mambo makubwa, kwani posa ya ndugu yangu Athumani imepokelewa Korogwe, Mama ametolewa mtoto wa jicho na sasa anasoma saa ya ukutani bila kuuliza mtu, na mimi nimethibitishwa ofisini kuwa mkuu wa kitengo baada ya kukaimu kwa muda mrefu. Yote hayo nimeyapokea kwa shukrani. Hata hivyo, kila nikitulia najikuta nimesimama tena pale uani Lushoto, nimeshika mkoba wa Baba, nikimsikiliza.

Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam alfajiri kumrudisha nyumbani baada ya kliniki yake. Wanaomfahamu Baba kupitia maandishi yangu ya nyuma wanajua kwamba hazungumzi akiwa garini. Aliendesha Land Rover 109 ya mradi wa kuhifadhi udongo katika milima ya Usambara mpaka alipostaafu, na mtu aliyeishi kwa kazi ya usukani hawezi kukaa kiti cha abiria kama abiria: macho yake huwa barabarani muda wote, na mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kila lori linapojitokeza mbele. Tulipita Chalinze na Segera akiwa kimya. Tulipoiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, aliweka kiganja chake juu ya dashibodi na kukiacha hapo mpaka Soni, na nilidhani anaisikiliza injini.

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alilizunguka gari taratibu, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akachungulia pale ambapo katika gari lake la zamani palikuwa na springi za mabapa, na ambapo katika gari langu pana mfuko wa mpira uliojaa hewa. Kisha akanyanyuka.

"Gari zuri hili, mwanangu."

"Ahsante, Baba."

"Lakini likikuharibikia porini, hulitengenezi."

"Ndiyo, Baba."

Akachukua mkoba wake mkononi mwangu, akaingia ndani kula. Mazungumzo yaliishia hapo, wala hakuyarudia jioni tulipokaa naye mpaka usiku.

Nimeyarudia mimi kwa niaba yake. Nimeyarudia nikiwa kwenye foleni ya Mwenge na nikiwa kwenye kikao cha bajeti. Nimejaribu kuisikia sauti yake upya, kujua kama aliisema sentensi ya pili kwa dharau, kwa huzuni, au kama taarifa tu ya mtu anayejua kazi. Athumani anasema Mzee alikuwa ananionya niliuze. Mama anasema alinisifu, kwa sababu hajawahi kuliita gari lolote zuri tangu alipoikabidhi ile ya mradi. Mume wangu, Baba Jamila, ambaye amekuwa akitaka tulibadilishe kwa Toyota Prado tangu mwaka jana, alisema kwamba Mzee amesema kile ambacho yeye amekuwa akikisema siku zote. Nilimwambia kwamba si kweli, kwani yeye huzungumzia pesa, na Baba hakuzungumzia pesa hata kidogo.

Kinachonichoma ni kwamba Baba ana haki ya kusema vile. Nilipokuwa mdogo nilimwona akiziba tangi la mafuta lililotoboka kwa kipande cha sabuni ya mche, akaendesha nalo mpaka karakana. Nilimwona akifunga bomba la moshi kwa waya wa senyenge, na nilimwona akiwasha injini kwa hendeli asubuhi ambazo betri ilikuwa imekufa kwa baridi. Gari lile lilikuwa gumu, lenye kelele na moto miguuni, lakini hapakuwa na kitu ndani yake ambacho mkono wake haukukijua. Discovery yangu, toleo la 2012 lenye injini ya dizeli ya lita 3.0, ina uzito unaozidi tani mbili na nusu na kompyuta nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe. Kihisi kimoja cha kupima kimo cha gurudumu kikidanganya, gari huandika onyo kwenye dashibodi, na hakuna sabuni wala waya utakaolifuta. Unahitaji kifaa cha kusomea hitilafu na mtu anayejua kukisoma, na watu hao hawapatikani kati ya Segera na Mombo.

Nilikuwa na majibu ya kumpa pale uani. Ningemweleza kwamba nililijua hilo kabla sijalinunua, na kwamba nilikwenda kwa mahesabu, kama kazi yangu ilivyonifundisha. Magari ya namna hii hushuka bei upesi mno Uingereza kwa sababu wenyewe huko wanaogopa gharama za matengenezo, na ndiyo maana mtu wa mshahara kama mimi anaweza hata kuyafikiria. Punguzo hilo huliwa bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa gari lililopita miaka 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na yote hukokotolewa kwa thamani ambayo TRA, mamlaka ya mapato, wenyewe wanayo, hata kama risiti yako inasema vingine. Kwa umri wa gari langu, kodi ilizidi thamani ya gari lenyewe. Jirani zetu wa Kenya wasingeliruhusu hata kuingia, kwa sababu sheria yao inakataa gari lililozidi miaka 8. Nililipa kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili hiyo, na nikaweka akiba nyingine pembeni kwa ajili ya matengenezo, ambayo siigusi hata sikukuu zikikaribia.

Ningemweleza pia kuhusu kranki, chuma kikuu kinachozungushwa na pistoni ndani ya injini, ambayo ndiyo hofu kubwa ya kila mwenye injini hii. Injini hizi za V6 zina sifa mbaya inayojulikana duniani kote: beringi zinazoishikilia kranki huweza kuzunguka mahali pake, zikaziba njia ya oili, na kranki ikakatika bila dalili ya kutosha. Ikitokea, mara nyingi mafundi huona ni rahisi zaidi kunyanyua bodi lote kutoka kwenye chesisi ili kuifikia injini. Nimeliona gari kama langu likiwa katika hali hiyo kwenye gereji moja, bodi likining'inia hewani na chesisi iko chini peke yake, na sikuweza kula mchana ule. Mtengenezaji aliruhusu oili imwagwe kila baada ya maili 16,000, yaani takriban kilomita 26,000, lakini Fundi wetu wa Tegeta aliniambia siku ya kwanza kwamba katika joto na foleni za Dar tusifike hata nusu ya hapo, nami sijawahi kufika. Nimebadilisha mkanda wa taimingi wa mbele pamoja na ule wa nyuma unaozungusha pampu ya dizeli, ambao wengi husahau kwamba upo. Nimemwaga hata oili ya giaboksi, ingawa wauzaji hupenda kusema kwamba imewekwa ya kudumu maisha yote. ZF, walioitengeneza giaboksi hiyo, wanashauri ibadilishwe.

Yote hayo ningeyasema. Na mpaka Jumamosi usiku, nikiwa nimelala kwenye chumba changu cha zamani nikiisikiliza mvua juu ya bati, niliona kwamba hata kama ningeyasema yote, sentensi ya Baba ingebaki pale pale. Likiniharibikia porini, silitengenezi. Akiba haikusaidii saa nne za usiku ukiwa peke yako na mtoto kwenye mteremko.

Jumapili asubuhi mambo yaligeuka, na sikutarajia.

Tulikuwa tunamshusha Mama kuja Dar kwenye upasuaji wa jicho. Magoti ya Mama yanamsumbua. Safari zake za miaka hii zimekuwa mateso, kwa sababu ngazi ya basi ni ndefu, na kila akipewa lifti ya gari kubwa inabidi kibebwe kigoda, na watu wawili wamshike makwapani huku yeye akiomba radhi. Athumani alikuwa ameshakitoa kigoda. Nikamwambia akirudishe. Nikabonyeza swichi ya kushushia gari, ile ya katikati karibu na gia, na gari likatoa pumzi, likashuka taratibu, mpaka likawa limepungua kimo kwa takriban sentimita 5. Si kimo kikubwa kwa mtu mwenye magoti mazima. Mama alishika mpini wa juu, akaweka mguu, akaketi mwenyewe bila mkono wa mtu. Alinyamaza kidogo, akajipangusa kanga mapajani.

"Limeniinamia," akasema.

Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Aliinama tena kwenye gurudumu lile lile la jana, akaitazama nafasi kati ya tairi na bodi ikiongezeka nilipolinyanyua gari, kisha akaja kumfungia Mama mlango. Hakusema neno, na sikumuuliza. Nimejizuia mara nyingi wiki hii kumpigia simu na kumuuliza alichokuwa anakiwaza.

Mama alilala kuanzia Segera mpaka Msata. Kwenye viti vya nyuma kabisa, ambavyo katika gari hili mtu mzima hukaa bila kukunja shingo, Jamila na binamu zake waliimba mpaka sauti zikawakauka. Barabara ilikuwa na matuta na viraka vyake vya kawaida, nasi ndani tuliyasikia kwa mbali. Mara ya mwisho Mama aliposafiri kwa basi alihitaji kusimama kila baada ya muda kuunyoosha mgongo, na alipofika alilala kutwa nzima. Safari hii alishuka uani kwetu, gari likiwa limemwinamia tena, akauliza kama chakula kipo au apike.

Sasa, kile kinachoinama ndicho hasa Fundi amekuwa akinishauri nikitoe. Mifuko ya hewa ni mpira, na mpira huzeeka: hukauka, hupata nyufa ndogo kwenye mikunjo, na hewa huvuja polepole usiku. Kompresa, yaani pampu inayoijaza hewa, iliyotengenezwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi, hulazimika kuzunguka muda mrefu kufidia kinachovuja, hupata moto, na mwishowe huungua. Hapo gari hukaa chini kwenye vizuizi vyake kama mgonjwa, na kila shimo hulipata mfupani. Dawa ya mjini inajulikana: ng'oa mifuko yote, weka springi za chuma, mwambie fundi wa umeme azime onyo, na hofu imekwisha. Watu wengi wamefanya hivyo, na ningekuwa nasafiri peke yangu huenda nami ningefanya. Springi ya chuma ingemjibu Baba vizuri kabisa, kwa kuwa fundi yeyote wa Mombo anaweza kuifungua. Lakini springi ya chuma haishuki. Hatari yote ya gari hili na faida yake kubwa kuliko zote kwangu zimekaa ndani ya mpira ule ule, na hakuna namna ya kuitoa moja nikaibakiza nyingine.

Jumanne nilimpigia Fundi nikamwambia aache habari ya springi. Nimeagiza mifuko miwili ya nyuma pamoja na ringi ya pistoni ya kompresa, ambayo ni kipande kidogo cha bei ndogo kinachoweza kuiongezea kompresa maisha kikiwekwa mapema. Mifuko si ya bei ndogo. Baba Jamila aliuona ujumbe wa malipo, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia amwangalie mama mkwe wake anavyopanda Ijumaa tukienda kuangaliwa jicho. Alikubali kungoja. Hajaliondoa suala la Prado, na sina ubishi na hoja yake ya bei ya kuuzia, kwa sababu anayetaka Prado hupata mteja siku hiyo hiyo, na mimi nikitaka kuuza nitasubiri.

Nimerudi tena kwenye sentensi ya Baba leo jioni, nikaisikia tofauti. Amesimama mara nyingi peke yake barabara ile, usiku, gari limekufa, na kila mara alijua kwamba mikono yake itamfikisha. Kwangu mimi hawezi kuwa na uhakika huo. Huenda ndicho alichokuwa akikisema. Huenda alikuwa akizungumzia gari tu. Akiwa na miaka yake hii simlazimishi anifafanulie, ingawa natamani sana kujua.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni jambo jingine. Nilipokuwa Lushoto niliuona ufa kwenye ukingo wa udongo nyuma ya jiko, sehemu ile ambapo Mama alikuwa amepanda magimbi, na masika yamekolea. Baba, ambaye alifanya kazi maisha yake yote na watu wanaochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, anasema ufa huo ni wa zamani na kwamba anaujua. Mimi siukumbuki. Yuko peke yake nyumbani mpaka Mama apone, na jiko ndipo anapokaa jioni kuota moto. Nimemwomba Athumani apande kesho na fundi mwashi wautazame, na ikibidi Baba ahamie kwa baba mdogo mpaka mvua zipungue. Nimempigia Baba mwenyewe tangu saa kumi kumweleza, na simu inaita bila kupokelewa.