Nimeipata sarafu ya Maria Theresa!

Nimetoka mnadani sasa hivi. Mikono bado inatetemeka.

Mnaonifahamu mnajua: watu wakigombania makabati na saa za ukutani, mimi naenda moja kwa moja kwenye makopo ya vikorokoro.

Leo ndani ya kopo moja ilikuwemo sarafu ya fedha, pana na nzito, yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780.

Mwaka huo usikudanganye. Ndio mwaka aliofariki mtawala huyo wa Austria, lakini sarafu iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile vizazi na vizazi: Vienna, Roma, London, hata Bombay. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikuwa wameshaizoea.

Kabla haijanadiwa niliomba kuipima. Karibu gramu 28, sawasawa kabisa.

Kisha nikaigeuza ubavu.

Ukingoni pote yamezunguka maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, unayahisi kwa ukucha: IUSTITIA ET CLEMENTIA. Haki na huruma. Ukingo ndio humsumbua mghushi, kwa hiyo mimi huanzia hapo. Herufi zilikuwa safi, moyo ukaanza kwenda mbio!

Nyundo ilipogonga kwa jina langu nilitaka kupiga vigelegele.

Na jamani, nawasihi, sarafu kuukuu msizisugue kwa dawa ya meno wala siki. Ule weusi uacheni, wakusanyaji wanaupenda.

Nani mwingine ana ya kurithi imelala kabatini? Weka picha hapa, na ya ukingo tafadhali.