Mimi na dogo Paris, kwenda kuwaona kina Portal wakiogelea

Tulitoka Brussels usiku na basi la bei chee, mimi na dogo, tukashushwa Bercy asubuhi macho mekundu, ila tiketi tulishakata kitambo kwa hiyo hakuna kulalamika. Ilikuwa tarehe 31 Agosti 2024, Paralimpiki imeshapamba moto. Dogo ana ualbino, vitu vya mbali kwake ni ukungu mtupu, na yeye ndo alinisumbua twende, maana alisikia kuna Wafaransa wawili ndugu, Alex na Kylian Portal, nao wana ualbino wa macho na wanaogelea mpaka wanabeba medali. Ualbino wao uko machoni tu, ukikutana nao barabarani hujui kitu.

Mchana tukazurura weee, jioni tukachukua metro namba 14 mpaka Châtelet, pale tukahamia treni ya RER A ya kwenda La Défense, kwenye uwanja wa mashindano ya kuogelea, joto humo ndani acha tu, na dogo alivyo na kofia yake pana na losheni kapaka mpaka masikioni watu walikuwa wanamkodolea. Uwanja wenyewe siku zote ni wa raga, timu ya Racing 92 ndo wenyeji, sasa wakachomeka bwawa la muda katikati. Na una paa! Dogo akavua kofia, akavua miwani ya jua, akakaa zake raha mustarehe. Coco Beach ya Dar saa sita mchana athubutu aone.

Njia nzima alikuwa anauliza watu wasioona wanajuaje ukuta umefika. Nikamwambia waogeleaji wenye shida ya macho wana madaraja matatu, S11 mpaka S13. S11 ndo wasioona kabisa au karibu kabisa, wote wanavaa miwani iliyozibwa nyeusi tii ili asiwepo wa kuchungulia, na kila mwisho wa bwawa anasimama mtu na fimbo ndefu yenye sponji kwenye ncha, anamgonga muogeleaji kichwani au mgongoni, geuka! Akichelewa nusu sekunde tu mwenzie anakula ukuta, mi hiyo kazi nisingeiweza. Kina Portal wako S13, wenye uoni kiasi, wao wanafuata ule mstari mweusi chini ya maji.

Ikaja mita 400 mtindo huru. Tulikaa juu kabisa, karibu na paa, dogo kabana kidarubini chake jicho la kulia, la kushoto kalifumba, kila dakika "kaka, mdogo mtu yuko leni ipi? kageuka?" na mimi kelele za Wafaransa zimeniziba masikio hata simsikii vizuri. Boki wa Belarusi, aliyekuwa anashindana bila bendera ya kwao, akachukua dhahabu, yule bwana hakamatiki. Wa pili Alex. Wa tatu Kylian! Uwanja ukalipuka kwa huyo wa tatu utadhani ndo kashinda. Alex alishatoka na medali za fedha na shaba Paralimpiki ya Tokyo, ila Kylian alikuwa na miaka 17 tu, halafu kapanda jukwaa moja na kaka yake, nyumbani kwao.

Dogo akashusha kidarubini. "Mi nina 16, bado mwaka mmoja."

Nikamwambia kwanza ujue kuogelea. Kwenye RER ya kurudi ndo kwanza anatafuta kwenye simu, maandishi kayakuza skrini nzima, bwawa lenye paa jirani na kwetu, na ada yake kumbe natakiwa nilipe mimi.