Nilivyopunguza makato kwenye hisa zangu

Novemba 2021 nilinunua hisa 1,000 za benki moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, Sh 280 kila moja. Wiki sita baadaye zikafika Sh 290. Nikauza zote nikiwa na furaha, maana nilishapiga hesabu ya faida ya Sh 10,000. Hela ilipoingia, ilikuwa pungufu ya ile niliyotoa mfukoni.

Nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikakaa kitandani na karatasi mbili za dalali, yaani kampuni yenye leseni iliyoninunulia na kuniuzia hisa, moja ya kununua na moja ya kuuza, nikakokotoa kwenye simu. Siku ya kununua nilikatwa Sh 5,768. Siku ya kuuza, Sh 5,974. Jumla Sh 11,742. Faida yangu yote ilimezwa, na juu yake nikapoteza Sh 1,742.

Sehemu kubwa ya makato ni kamisheni ya dalali: asilimia 1.7 kwa muamala usiozidi Sh milioni 10. Kiasi kinachobaki ni vipande vidogo vya Soko lenyewe, vya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, vya mfuko wa fidia na vya hifadhi ya hisa. Vikijumlishwa vyote unapata asilimia 2.06. Unalipa ukinunua, unalipa tena ukiuza. Maana yake hisa isipopanda zaidi ya asilimia 4, bado hujarudisha hela yako. Zangu zilikuwa zimepanda asilimia 3.6 tu.

Kuna na hili, ambalo liliniuma zaidi. Akaunti ya CDS, yaani ile ambayo hisa zako zinatunzwa humo kwa jina lako, nilifunguliwa na kijana mmoja hapa Morogoro aliyejiita wakala, nikampa Sh 30,000 ya usajili. Kumbe kufungua ni bure. Unakwenda kwa dalali mwenye leseni, unajaza fomu, unatoa picha, namba ya NIDA na akaunti ya benki ya kupokelea gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, basi. Tena kwenye fomu yangu yule kijana aliandika namba yake ya simu badala ya yangu, ndiyo maana sikuwahi kupata ujumbe hata mmoja. Kurekebisha kulinigharimu barua, nakala ya kitambulisho na safari ya Dar. Ndugu yangu, jaza fomu kwa mkono wako mwenyewe.

Nikiwa huko Dar nilipita kwa madalali watatu na swali moja: "Nikinunua hisa za Sh 100,000, nitatoa shilingi ngapi mpaka mwisho?" Sikutaka kutajiwa asilimia, nilitaka shilingi. Wawili walinipa hesabu ileile ninayoijua. Wa tatu akasema ana kiwango cha chini cha kamisheni kwa kila muamala, na kwa mtu wa laki moja kiwango hicho kinauma. Dada wa ofisi ya pili alinieleza bila haraka kwamba hisa hazikai kwa dalali, zinakaa kwenye hifadhi kuu kwa jina langu. Nikabaki naye.

Siku hizi naagiza kwa Hisa Kiganjani, programu ya simu ya kununulia na kuuzia hisa. Usidhani inaondoa kamisheni, maana oda bado inapitia kwa dalali. Ninachookoa ni nauli na siku ya kazi. Zamani nilikuwa natuma hela kidogo kidogo kwa simu, na mwaka ule wa tozo za miamala ya simu kila muamala ulikuwa na kilio chake. Sasa naziacha benki mpaka zifike laki tano, nanunua mara moja. Asilimia ya dalali haibadiliki kwa hilo, ila gharama ya kutuma nailipa mara moja tu. Kampuni ikiuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza najipanga mapema, kwa sababu hapo mnunuzi hakatwi kamisheni.

Kubwa kuliko yote, nimeacha kuuza kila bei ikitikisika. Gawio linaingia benki likiwa limeshakatwa kodi ya asilimia 5, nalirudisha kwenye akiba ya manunuzi yanayofuata. Karatasi yangu ya mwisho ni ya Sh 500,000, makato Sh 10,300, na ujumbe wake uliingia kwenye simu yangu mwenyewe.