Kufuta jina la mgonjwa hakutoshi

Saa za kupima mapigo ya moyo, hatua na usingizi zimeingia kwenye utafiti wa kisukari na presha, na kosa linalojirudia ni lile lile: mtu anafuta safu ya majina, kisha anatangaza kwamba wagonjwa hawajulikani. Wanajulikana. Mwaka 2013, mtafiti Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza data za simu za watu milioni 1.5, wakakuta nukta nne za mahali na saa zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote. Saa yenye GPS hurekodi nukta maelfu kwa matembezi ya jioni moja, tena huanzia na kuishia mlangoni kwa mgonjwa.

Kama unahitaji hatua na mapigo tu, data za mahali zifutwe zikiwa bado kwenye simu, zisifike kwenye seva kabisa. Kupunguza desimali za latitudo na longitudo ni nusu dawa: desimali mbili ni kama kilomita moja, na kijijini eneo hilo laweza kuwa na kaya tatu.

Tarehe nazo zisogezwe. Kila mgonjwa apewe kwa bahati nasibu namba yake ya siku za kusogeza, rekodi zake zote zisogee kwa namba hiyo hiyo. Ukibadilisha namba kwa kila rekodi, dawa itaonekana imemezwa kabla haijaandikwa.

Linaloniudhi zaidi ni namba ya simu kupitishwa kwenye SHA-256, kanuni ya kompyuta inayogeuza maandishi kuwa msimbo, na kuitwa siri. Inatoka mistari ya herufi na tarakimu 64, inatisha kuitazama. Lakini namba za Kenya zinazoanza na 07 haziwezi kuzidi milioni 100. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote kwa dakika chache, inalinganisha, na orodha nzima iko wazi. Tumia msimbo wa kubahatisha usiotokana na namba wala jina, na jedwali la kuunganisha msimbo na mgonjwa lifungwe kwa nywila kwenye mashine nyingine.

Kagua pia majina ya mafaili, namba ya kiwandani ya saa, anwani ya Bluetooth, na jina ambalo mgonjwa mwenyewe amekipa kifaa. "Saa ya Mama Asha" hupita kwenye ukaguzi mwingi bila kuonwa.

Sheria ya kulinda data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, kwa hiyo fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba mara nyingi data hupitia kwanza seva za mtengenezaji. Na saa ikirudishwa, futa akaunti kwanza, ndipo uirudishe saa kwenye hali ya kiwandani kabla haijavaliwa na mwingine.