Jengo Moja, Sheria Mbili: Walinzi wa Kujitolea Wenye Silaha Katika Makanisa na Shule za Texas

Katika jimbo la Texas, mtu anayelipwa kulinda mlango wa kanisa akiwa na bastola kiunoni ni lazima awe amepata mafunzo na leseni ya ulinzi binafsi, na awe chini ya usimamizi wa idara ya usalama wa umma ya jimbo. Mwenzake anayesimama kwenye mlango huohuo na bastola ya namna ileile, lakini bila kulipwa, hadaiwi chochote kati ya hayo, mradi tu sheria za kawaida zinamruhusu kumiliki na kubeba silaha. Tofauti hiyo ilianza tarehe 1 Septemba 2017, pale kifungu cha 1702.333 kilipoingizwa katika sheria zinazosimamia kazi za ulinzi, na ndicho kinachotawala vikosi vya walinzi wa kujitolea katika makanisa, masinagogi na nyumba nyingine za ibada za jimbo zima.

Naandika kuhusu jambo hili kwa sababu wengi wetu tunaozungumza Kiswahili na kuabudu huku tunaombwa kujiunga na vikosi hivyo, na baadhi yetu tuna watoto wanaosoma katika shule za makanisa hayohayo. Ombi huja kindugu, baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana: mzee wa kanisa anakushika bega na kukuuliza kama una leseni ya bastola. Mimi pia nimeombwa. Kabla ya kujibu nimeona ni lazima nisome sheria zinasema nini, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ruhusa imetolewa kwa upana kuliko wajibu.

Sielezi haya kana kwamba hatari haipo. Tarehe 5 Novemba 2017, kiasi cha miezi miwili baada ya kifungu hicho kuanza kutumika, watu 26 waliuawa katika kanisa la Kibaptisti la Sutherland Springs, akihesabiwa na mtoto aliyekuwa bado tumboni. Katika kanisa moja la mji wa Charleston, South Carolina, walikuwa wameuawa watu 9 mwaka 2015 katika kipindi cha mafunzo ya Biblia, na mjini Pittsburgh, Pennsylvania, wakauawa 11 katika sinagogi mwaka 2018. Mchungaji anayewaza nani atasimama mlangoni Jumapili ijayo anawaza jambo la kweli, na kanisa dogo halina fedha za kuajiri askari.

Tukio linalotajwa zaidi na wanaotetea walinzi wa kujitolea ni la White Settlement, karibu na Fort Worth, tarehe 29 Desemba 2019. Ibada ilikuwa ikirushwa mubashara mtandaoni mtu mmoja alipoinuka na kufyatua bunduki. Waumini wawili waliuawa, na ndani ya sekunde kama sita mkuu wa kikosi cha ulinzi cha kanisa alimpiga mshambuliaji risasi moja iliyomaliza shambulio. Watu wengi waliokuwa ukumbini walinusurika kwa sababu yake, naye anastahili heshima aliyopewa. Lakini mkuu huyo alikuwa mkufunzi wa kutumia silaha na aliwahi kuwa askari wa akiba katika ofisi ya sherifu, na mmoja wa wale wawili waliouawa alikuwa mwanakikosi mwenzake ambaye alikufa akijaribu kuchomoa bastola yake. Katika kanisa la New Life, Colorado Springs, mwezi Desemba 2007, mwanamke aliyemkabili mshambuliaji akiwa mlinzi wa kujitolea alikuwa amewahi kuwa polisi. Ushujaa wa watu hawa ulisimama juu ya mafunzo ambayo kifungu cha 1702.333 hakimdai mtu yeyote. Tunawasifu wao, kisha tunamkabidhi kazi yao mtu aliyenunua bastola mwezi uliopita.

Upande wa pili wa sarafu hutajwa mara chache. Siku chache baada ya mauaji ya Sutherland Springs, waumini wazee wa kanisa moja la Tellico Plains, Tennessee, walikutana kanisani, na mazungumzo yakaangukia ulinzi wa kanisa. Mmoja wao, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, akatoa bastola yake, akaondoa magazini, akahakikisha hakuna risasi ndani, akawaonyesha wenzake, kisha akaijaza tena na kuirudisha mahali pake. Mwenzake mwingine akaomba kuiona. Safari hii aliitoa bila kukumbuka kwamba imeshajazwa, na risasi ikapita mkononi mwake na kumjeruhi mke wake tumboni. Wote wawili walipona. Mzee huyo hakuwa mzembe, maana mara ya kwanza alifanya kila kitu sawasawa. Alichokosa ni mazoezi ya kurudiwarudiwa yanayoufanya mkono usitegemee kumbukumbu.

Jambo linakuwa zito zaidi pale kanisa linapokuwa na shule. Shule ya Covenant ya Nashville, ambako watoto watatu na watu wazima watatu waliuawa tarehe 27 Machi 2023, ilikuwa shule binafsi iliyomo katika majengo ya kanisa la Kipresbiteri, na majengo ya namna hiyo yako kila mahali katika majimbo ya kusini. Jumapili ukumbi ni nyumba ya ibada. Jumatatu asubuhi ukumbi huohuo una watoto wa darasa la kwanza. Mlinzi aliyekuwa halali jana anaweza kuamkia kosa la jinai bila kuhamia mlango mwingine, kwa kuwa sheria ya adhabu ya Texas, kifungu cha 46.03, inakataza silaha katika majengo ya shule, za umma na za binafsi, isipokuwa kwa kanuni au kibali cha maandishi cha taasisi yenyewe. Neno la mdomo la mwalimu mkuu halitoshi.

Juu ya hiyo kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1990, iliyobatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1995 katika kesi ya Lopez, kisha ikarekebishwa na Bunge mwaka uliofuata. Inakataza kubeba bunduki, hata bastola, ndani ya futi 1,000 za shule, zikiwemo za makanisa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Inawaachia, miongoni mwa wengine, mtu mwenye leseni ya jimbo husika na mtu mwenye mkataba na shule. Sasa, tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inawaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila leseni. Muumini anayetegemea ruhusa hiyo peke yake anadhani yuko salama kisheria, kumbe sheria ya shirikisho haimtambui kama mwenye leseni.

Tazama pia madai ya mafunzo yanavyotofautiana. Mtumishi wa shule Texas anayeteuliwa kubeba silaha chini ya mpango wa mamarshali wa shule, ambao tangu 2017 umefunguliwa kwa shule binafsi, hupitia saa 80 za mafunzo na uchunguzi wa kisaikolojia. Florida, baada ya mauaji ya mwaka 2018 katika shule ya Parkland, iliweka saa 144 katika mpango wake wa walinzi wa shule. Tennessee iliweka saa 40 kwa walimu mwaka 2024. Mlinzi wa kujitolea wa kanisa la Texas: sifuri. Mtu akiniuliza sheria irekebishwe wapi, nitaanzia hapo, na sioni kwa nini kiwango cha chini cha mafunzo kihesabiwe kuwa kuingilia uhuru wa ibada.

Mississippi ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016: sheria yake ya kulinda makanisa inawapa wanakikosi walioteuliwa na kufunzwa kinga wanapotumia nguvu katika zamu yao. Angalau inataja mafunzo. New York ilizifanya nyumba za ibada kuwa mahali pasiporuhusiwa silaha mwaka 2022, lakini baada ya kesi kadhaa mahakamani ikabadilisha sheria mwaka 2023 ili kuwaruhusu wanaohusika na ulinzi wa mahali hapo.

Limebaki jambo linalonisumbua kuliko yote. Kifungu cha 1702.333 kinamkataza mlinzi wa kujitolea kuvaa sare au beji yenye neno la ulinzi, au inayomfanya afanane na askari. Sababu yake inaeleweka: ni ili raia wasidanganywe. Lakini polisi wakiingia mbio wataona mtu mwenye nguo za kiraia ameshika bastola. Huko Arvada, Colorado, mwezi Juni 2021, raia aliyempiga risasi mtu aliyekuwa amemuua polisi, naye aliuawa na polisi mwingine aliyemkuta ameshika bunduki ya muuaji huyo. Kifungu hakisemi lolote kuhusu kikosi kujitambulisha kwa polisi wa mji au kufanya nao mazoezi. Kwa hiyo nimewaambia wazee wetu kwamba kabla sijakubali, nahitaji kibali cha shule chenye sahihi, mkataba unaotaja siku za masomo, uthibitisho wa kampuni ya bima kwamba inajua tuna silaha, na kikao na mkuu wa polisi akiwa na majina na picha zetu mezani. Wameniahidi kulijadili katika kikao chao kijacho, na hadi majibu yatakapopatikana nitaendelea kuwapokea wageni mlangoni bila silaha.